Kabla hujaitupa pedi: niliyojifunza kwenye banda la gemu Mbagala

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Kaka, ninunue PS sasa hivi, au nisubiri hizi za kucheza bila pedi?" Wengine ni wazazi, wengine ni vijana wanaotaka kufungua banda lao. PS ni PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, na pedi ni kile kidude chenye vitufe unachoshika mkononi kuchezea. Ngoja nijibu kwa kirefu, maana jibu hili nimelilipia kwa hela yangu.

Nimeendesha banda la gemu Mbagala kwa miaka tisa. Fremu ya futi kumi kwa kumi, runinga nne, mabenchi, mechi moja shilingi 500. Kodi inauma na umeme unauma, lakini kinachokula faida siku hadi siku ni pedi. Mashine ukiitunza na kuipuliza vumbi inakaa miaka. Pedi ya bandani ikimaliza miezi minne imejitahidi. Kwanza raba ya analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, inalika mpaka inabaki plastiki tupu, sisi tukawa tunaivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Halafu analogi inaanza kukimbia yenyewe: mtoto ameilaza pedi mapajani, hajagusa kitu, beki wake anaondoka zake kuelekea kibendera cha kona. Mwisho kitufe cha X kinazama na hakirudi, kwa sababu X ndiyo pasi, na kwenye mechi moja kinabonyezwa mara zisizohesabika.

Kwa hiyo nilipopata Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, ya mtumba ikiwa na kamera yake ya Kinect, nilipiga hesabu moja tu: pedi ngapi sitanunua tena. Nikalipa.

Kinect ilitoka Novemba 2010. Unasimama mbele ya runinga mikono mitupu, ukiruka na mchezaji anaruka, ukipiga teke naye anapiga. Ndani ya siku 60 za mwanzo ziliuzwa milioni 8, ikaingia kwenye rekodi za Guinness kama kifaa cha kielektroniki cha matumizi ya nyumbani kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Sony walishakuwa na kamera ya EyeToy kwenye PS2 tangu 2003, na Nintendo walileta Wii mwaka 2006, ingawa kwenye Wii bado unashika kirimoti mkononi. Kinect ndiyo iliyofanya dunia iseme kwamba pedi imekwisha kazi.

Ukielewa inavyofanya kazi utaelewa kwa nini ilinishinda. Inamwaga mbele yake maelfu ya vidoa vya mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni. Kamera inatazama vidoa hivyo vimeangukaje: vilivyoangukia mkono ulionyooshwa na vilivyoangukia ukuta wa nyuma havikai sehemu moja. Kutokana na tofauti hiyo mashine inajua kila kitu kiko umbali gani, halafu inakisia viungo vyako, kiwiko kiko wapi, goti liko wapi. Ni kazi ya akili kubwa, na hata leo naiheshimu. Lakini ili ikuone kutoka utosini hadi unyayoni lazima urudi nyuma: kama mita 1.8 ukiwa peke yako, kama mita 2.4 mkiwa wawili.

Sasa chukua fremu yangu. Futi kumi ni mita tatu. Meza ya runinga inakula nusu mita, benchi na magoti ya waliokaa yanakula karibu mita nzima. Imebaki mita moja na nusu. Nikatoa benchi. Mlango wangu unatazama magharibi, na wateja wangu wanaanza kumiminika saa kumi jioni wakitoka shule, saa ile ile jua linapoingia moja kwa moja mpaka kwenye meza. Jua nalo limejaa infraredi. Vidoa vya kamera vinamezwa, mchezaji kwenye runinga anaanza kutetemeka kama mwenye homa, mguu unaruka kwenda begani. Ukifunga mlango watu wanaungua na joto la bati, na anayepita nje anadhani umefunga biashara.

Na watazamaji je? Banda la gemu ni watazamaji. Anayecheza ni mmoja, nyuma yake wamesimama sita wanashangilia. Kamera ilikuwa inawaona na wao. Mtoto wa nyuma akinyoosha mkono kwa furaha, mashine inamshika yeye, na yule aliyelipa anabaki anarukaruka bure. Nilirudisha mia tano nyingi mwezi ule. Kosa halikuwa la kamera. Ilitengenezwa kwa sebule kubwa yenye mapazia na watu wachache, mimi nikaileta kwenye fremu.

Kabla sijaendelea, neno kwa anayetaka kununua mashine ya mtumba, iwe ya kamera au ya pedi. Geuza adapta ya umeme usome maandishi madogo. Yangu ilikuwa imetoka Marekani na imeandikwa volti 100 hadi 127, aliyeniuzia hakusema, mimi sikusoma. Umeme wetu ni volti 230. Nilichomeka, ikalia mara moja, ikanuka plastiki, ikanyamaza. Nilitafuta nyingine wiki mbili. Kama ni Xbox 360 ya mwanzo, ile nene, ujue pia kwamba kamera inahitaji adapta yake ya pembeni. Zile nyembamba zilizoanza 2010 zina tundu lake maalumu. Na duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024, kwa hiyo kama mashine haiji na diski za michezo unayoitaka, usitarajie kununua mpya mtandaoni.

Lakini tuseme chumba kingekuwa kikubwa na jua halipo. Bado wateja wangu wangerudi kwenye pedi, na sababu ni mpira. Asilimia kubwa ya wanaoingia bandani wamekuja kucheza mpira. Mkae siku moja mtazame kidole gumba cha mchezaji mzuri. Anapokea, analogi inaenda nusu tu, anageuka, X kidogo, kitufe cha pembetatu kwa nguvu kiasi, mpira umepita katikati ya mabeki wawili, kitufe cha duara, goli. Yote hayo ndani ya sekunde mbili, na kila kitufe kina uzito wake kulingana na ulivyokibonyeza. Kwa mkono mtupu ungeonyeshaje pasi ya kupenyeza ya nguvu nusu? Kinect ilikuwa inapiga picha 30 kwa sekunde, yaani kati ya picha na picha zinapita milisekunde 33 hivi, na hapo mashine bado haijaanza kukisia kiwiko chako kiko wapi. Kidole hakisubiri hayo yote. Na kidole kinapobonyeza, kitufe kinakijibu: unakisikia kimeshuka, unajua amri imefika. Hewa haijibu.

Kuna kijana mmoja pale mtaani anatumia kiti cha magurudumu. Bandani kwangu alikuwa kati ya wachezaji watatu bora, watu wanaweka oda ya kumpinga. Siku nilipofunga Kinect alikuja, akatazama wenzake wanaruka, akauliza, "Na mimi nitacheza vipi?" Sikuwa na jibu. Michezo niliyokuwa nayo ilitaka mtu aliyesimama. Tangu siku ile sijawahi kusema kwamba kucheza bila pedi ndiko maendeleo. Pedi ilikuwa imemweka sawa na kila mtu. Nafurahi kuona watengenezaji nao wameliona hilo: Microsoft walitoa pedi maalumu kwa watu wenye ulemavu mwaka 2018, Sony wakafuata na yao mwaka 2023.

Tukija kwenye mambo ya mbele, mimi natazama hela za wakubwa zinaelekea wapi. Mwaka 2013 Xbox One, mashine iliyofuata baada ya 360, ilikuja na Kinect ndani ya boksi, lazima uichukue, dola 499. PS4 bila kamera ilikuwa dola 399. Mwaka uliofuata Xbox ikaanza kuuzwa bila kamera, bei ikashuka ikalingana, na mwaka 2017 Kinect ikaacha kutengenezwa. Xbox za sasa hazina hata mahali pa kuichomeka. Sony kwenye PS5 waliweka nguvu kwenye pedi yenyewe: vile vitufe vya nyuma vinakuwa vigumu chini ya kidole unapovuta upinde ndani ya mchezo. Apple walitoa miwani yao ya Vision Pro mwaka 2024, unaiendesha kwa macho na vidole tu, na mwaka uliofuata wakaiongezea uwezo wa kutumia pedi za PlayStation VR2, miwani ya gemu ya Sony. Kama wao wenye hela zote wamerudi kwenye kitu cha kushika, mimi na wewe tunasubiri nini?

Kwa maoni yangu kinachoweza kuondoka ni sanduku, pedi inabaki. Tangu 2022 kuna runinga za Samsung unazoweza kuchezea gemu za Xbox bila Xbox. Mchezo unachakatwa mbali huko kwenye kompyuta za kampuni, wewe unaletewa picha kwa intaneti. Unachotakiwa kuwa nacho nyumbani ni runinga, intaneti, na pedi. Google nao walijaribu njia hiyo na Stadia, wakaifunga Januari 2023, kwa hiyo si kila anayeianza anafika. Kwetu sisi tunaonunua bando kwa siku, bado ni mapema. Diski nayo inapungua. PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699 haiji na sehemu ya kuweka diski, unainunua pembeni. Hili ndilo linalonisumbua kuliko habari zote za kamera, kwa sababu diski mtu anaazima, anabadilishana na mwenzake, anauza akichoka nayo. Mchezo wa kupakua wa GB 80 hauazimiki.

Basi kama unafungua banda leo, nunua mashine yenye tundu la diski, na hela ya kamera iweke kwenye pedi. Tafuta pedi zenye analogi za sumaku. Hazina sehemu zinazosuguana ndani kama zile za kawaida, hivyo hazianzi kukimbia zenyewe mapema. Mfahamu fundi wa kubadilisha analogi kabla hujamhitaji.

Kama unanunulia watoto wadogo nyumbani, hapo jibu langu ni tofauti kabisa. Mtoto wa miaka mitano vidole vyake havijafika kwenye vitufe vyote, lakini kuruka anajua. Kuna kisanduku kinaitwa Nex Playground, kimetoka Marekani mwaka 2023, kina kamera ndani na michezo yote inachezwa kwa mwili. Ukitaka michezo mingi unalipia kila kipindi, hilo liweke kwenye hesabu. Na kabla ya chochote chukua futi kamba, pima kutoka kwenye runinga hadi kwenye kochi. Kama hazifiki mita mbili na nusu tupu, watoto watagongana na meza.

Ile Kinect yangu sikuiuza. Niliipeleka Muheza kwa mama, sebule yake ni pana na dirisha linatazama mwembe, jua haliingii. Siku ya kwanza alisimama na dera lake, kamera ikawa haioni miguu, mchezaji kwenye runinga anakunjika magoti hovyo. Nguo pana inaichanganya. Nikamweleza. Akaenda chumbani, akarudi amekunja dera, kajifunga kibwebwe kwa kanga, akasema, "Haya, sasa anione." Mchezo ulikuwa bolingi: unanyoosha mkono pembeni kana kwamba unaokota tufe, unarudisha nyuma, unaachia. Mama hajawahi kushika pedi maishani na hana haja. Aliangusha pini saba, akageuka kututazama wote mmoja mmoja, akanyoosha mkono kuokota tufe la pili.

Mpaka leo wajukuu wakienda likizo ndiyo shughuli ya jioni, na yeye ndiye anayepanga zamu. Mwezi uliopita alinipigia simu kwamba umeme wa kule unapanda na kushuka, mashine inajizima. Nimemnunulia stebilaiza, Jumamosi naipeleka.