Jino la kuchongwa si jino la mchongo

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Dunda, hapa Bagamoyo. Nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa jino, nikakuta bango ukutani: "Tunafanya marejesho ya meno kidijitali." Nikadhani ni mambo ya mikopo. Daktari naye akaniambia, "Tutaskani jino, halafu tutalichonga." Nikashikwa na hofu, nikaomba siku nyingine. Mwanangu anasema kuskani si Kiswahili, niseme kutambaza. Simu yangu inaandika kuchanganua. Nishike lipi? Na hiyo kuchonga ni kuchonga gani?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na kuchonga, maana ndilo lililokurudisha nyumbani, na hofu yako ina sababu ya kisarufi.

Katika kazi ile kuna kukata kwa aina mbili. Kwanza daktari hulipunguza jino lako mwenyewe pande zote, ili kofia itakayolifunika ipate nafasi. Kisha mashine, ikiongozwa na kompyuta, huitoa kofia hiyo katika kipande cha kauri. Kofia ni ya ngeli ya I-ZI. Daktari angesema "tutaichonga", ungejua papo hapo kwamba kinachochongwa ni kitu kingine. Aliposema "tutalichonga", ile -li- ilikwenda moja kwa moja kwenye jino lako. Na sisi tuliosimuliwa na wazee habari za watu waliochongwa meno ya mbele yakawa na ncha, tukisikia jino linachongwa hatufikirii kompyuta.

Hata hivyo neno lenyewe ni zuri mno, nisingependa liachwe. Kuchonga ni kuanza na kitu kizima ukaondoa visivyotakiwa mpaka umbo libaki. Ndivyo gogo linavyokuwa mtumbwi, ndivyo mbao zilivyokuwa milango ya Mji Mkongwe wetu. Mashine ya meno hufanya hivyohivyo kwa ncha ndogo zenye chembe za almasi au za chuma kigumu. Kauri ya zirkonia huchongwa ikiwa bado laini kama chaki, tena hukusudiwa iwe kubwa kuliko jino, kwa sababu ikichomwa kwenye tanuri la nyuzi joto karibu 1,500 za Selsiasi husinyaa kwa takriban asilimia 20 hadi 25. Seremala aliyewahi kufanyia kazi mbao mbichi hahitaji somo hilo. Ipo na njia ya pili, ya kujenga umbo tabaka juu ya tabaka. Hiyo isiitwe kuchonga, iitwe kuchapa. Anayeyachanganya maneno haya mawili amechanganya kazi mbili zinazokwenda kinyume.

Tahadhari mbili tu. Usiseme "jino la mchongo". Vijana wa leo wakisema kitu ni cha mchongo wana maana ya cha uongo, kama daktari wa mchongo au mchumba wa mchongo. Sema "jino la kuchongwa". Na kuchongea lina sura mbili: fundi atakuchongea mlango, na jirani atakuchongea kwa mwenyekiti wa mtaa. Muktadha huamua.

Sasa kuskani. Mwambie mwanao kwa upole kwamba amekosea kulikataa. Kiswahili kilipokea safiri, badili na rudi kutoka Kiarabu, na vitenzi hivyo huishia na -i bila kubadilika hata katika dhamira tegemezi: nisafiri, nibadili. Skani imeingia mlango uleule: niskani, liskaniwe. Kutambaza nalo halina kosa, na kwa kazi hii lina picha nzuri, kwani kijiti chenye mwanga na kamera hupitishwa taratibu juu ya meno, kikipiga picha nyingi ambazo programu huziunga kuwa umbo moja la pande tatu. Lakini litazame vizuri: kutambaza ni kukifanya kitu kitambae. Kinachotambaa hapo ni mwanga, jino limetulia. Kwa hiyo napendelea "kutambaza mwanga juu ya jino" katika maandishi, na "kuskani jino" katika mazungumzo. Kuchanganua niliweke kando kabisa. Hilo ni kukitenga kilichochanganyika ili kieleweke, yaani kazi ya akili inayofuata baada ya picha kupatikana.

Wala jambo lenyewe, la kutengeneza meno kwa kompyuta, si la jana. Daktari wa meno François Duret wa Ufaransa alianza kulifikiria miaka ya 1970, na mwaka 1985 Werner Mörmann na Marco Brandestini, huko Zurich, Uswisi, walifikia hatua ya kumtibu mgonjwa kwa kauri iliyochongwa palepale kliniki. Kabla ya hapo kila mtu aling'ata ule uji mzito wa kuchukulia umbo la meno, unaoganda mdomoni, ambao bado unatumika sana. Uji huo mara nyingi hutokana na mwani, ila ni mwani wa kahawia, si huu mwekundu wanaolima akina mama wa Mlingotini.

Kuhusu marejesho, ulielewa sawasawa. Mwenye bango amefasiri neno la kigeni bila kuuliza kwamba marejesho, kwa mama yeyote wa kikundi cha kuweka na kukopa, ni fedha ya kila wiki. Jino halirejeshwi, hutengenezwa, huzibwa, au huvishwa kofia. Kofia wengine huiita taji, nami sioni haja. Kiswahili hakioni haya kukiita kitu kwa umbo lake: misafara ya karne ya 19 ilishusha pembe za ndovu hapahapa Bagamoyo, nazo kwa hakika ni meno ya tembo, tukaziita pembe na hakuna aliyepotea njia.

Bango lile ningeliandika hivi: "Tunatengeneza meno yaliyoharibika. Tunaskani kinywa, tunachonga kofia kwa kompyuta, tunalivisha jino lako." Nawe ukirudi, muulize daktari: "Jino langu utalipunguza kiasi gani, na kofia utaichonga kwa kauri ipi?"