Wa kusafisha FIFA asitoke ndani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini rais wa FIFA, shirikisho la soka duniani, asiisafishe mwenyewe wakati yeye ndo anaijua nyumba. Mi nakataa, hiyo imeshajaribiwa. Mei 2015 polisi wa Uswisi waliwatoa vigogo wa soka hotelini Zurich alfajiri, kesi ya rushwa ya Marekani ile, na siku mbili baadaye mkutano mkuu ukamchagua rais Blatter tena! Ikaja kamati ya mageuzi ya François Carrard, lakini wajumbe waliteuliwa na mashirikisho ya mabara, yaani wa kufagiliwa ndo walioshika fagio. Infantino akaingia kama rais Februari 2016, na Mei mwaka huo huo baraza la FIFA likapewa nguvu ya kuteua na kufukuza wakaguzi, Domenico Scala, mkuu wa kamati ya ukaguzi, akajiuzulu kwa kupinga. 2017 Borbély na Eckert, wakuu wa kamati ya maadili, wakaondolewa, na Maduro, mkuu wa kamati ya utawala bora aliyemzuia mwanasiasa Mutko wa Urusi asigombee kiti barazani, naye akaenda.

Kwa hiyo aongoze mtu wa nje, jaji au mkaguzi asiyetafuta kura, na anaowachunguza wasiweze kumfukuza, hapo ndo penyewe. Huku kwetu Mbale timu ya mtaa daftari la hela ya jezi analo mama muuza chapati, hana mtoto timuni, kila Jumapili anasoma shilingi kwa shilingi mbele ya wote na kapteni akichelewesha risiti anaulizwa hapohapo.

Wadhamini nao wasukume, Oktoba 2015 Coca-Cola na Visa walimtaka Blatter aondoke mara moja, mbona siku hizi wamenyamaza?