Kabla ya kununua pampu ya mafuta ya Corolla

Ndugu, umeuliza kama Corolla yako ya 1998, inayozimika ikishapata moto na kugoma hadi ipoe, imeua pampu ya mafuta. Inawezekana kabisa, lakini tafadhali usinunue bado. Katika Toyota za miaka hiyo pampu huanza kufanya kazi pale injini inapopigwa starta, si kwa kufungua swichi tu, kwa hiyo ukimya wa tangi usikutishe. Gari likiwa bado limegoma, fungua kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu yenye alama FP na +B kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi na usikilize chini ya kiti cha nyuma. Pampu ikivuma na mpira wa mafuta ukakaza, shuku relei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) au nyaya. Isipovuma, pima plagi ya umeme ya pampu: volti 12 zikifika na waya wa hasi ni mzima, pampu ndiyo mbovu.