Kazi ya kwanza mtandaoni: chagua kitu kimoja, alafu kionyeshe

Kila msimu wa korosho ukiisha huku Mtwara simu yangu inajaa meseji, Chikongola, Masasi, mpaka Nachingwea kule, na zote zinasema lilelile: dada shikamoo, nasikia unafanya kazi na wazungu mtandaoni, naomba koneksheni. Marahaba wadogo zangu, ila koneksheni sina. Upwork na Fiverr, yaani zile tovuti ambako wateja wa nje wanatafuta watu wa kuwafanyia kazi, hakuna mjomba wa kukushika mkono, ukifungua akaunti leo unaanza na sifuri kama alivyoanza kila mtu.

Sasa nikiomba nione profaili ya mtu nakuta kaandika anajua kuingiza data, kutafsiri, kutengeneza logo, kuhariri video, kusimamia kurasa za Instagram na tovuti juu. Yaani mtu mmoja! Mteja wa Uholanzi au Marekani ana maombi hamsini mbele yake, akiona hivyo anapita tu, maana yeye ana shida moja na anamtafuta mtu wa shida hiyo. Chagua kitu kimoja unachoweza kukifanya leo usiku bila kwenda kusoma kokote. Kama huna fani yoyote ya kompyuta, Kiswahili chako ni fani tosha, kuna kazi za kuandika maneno yaliyorekodiwa, kuweka maandishi kwenye video, kutafsiri, kurekodi sauti, kukagua Kiswahili kilichoandikwa na mashine (na mashine zinaboronga kweli, we subiri uone).

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mahojiano ya wakulima wa korosho. Mtafiti mmoja alikuwa na faili za sauti anataka ziandikwe kwa Kiswahili alafu zitafsiriwe Kiingereza, na kwenye tangazo aliweka kipande cha dakika moja ili watu wasikie hali ilivyo. Hali ilikuwa mbaya, upepo, kuku, watu wanadakiana maneno. Waombaji wengi nadhani walituma ile barua yao ya siku zote, mimi ni mchapakazi, naheshimu muda, nipe nafasi. Mimi nikavaa earphone nikakisikiliza kile kipande mpaka nikakikariri, alafu nikaandika hivi, kwa Kiingereza cha kawaida tu: Nimesikiliza dakika yako. Wanaongea watu wanne, tangazo linasema watatu, wa nne yuko mbali na simu. Mzee anayeanza analalamika salfa, dawa ya mikorosho, imechelewa, anayemjibu anazungumzia kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa mkulima nje ya mfumo wa chama cha msingi. Dakika nzima nimeiandika hapa chini pamoja na tafsiri yake.

Basi. Shahada sikuitaja wala sikumbembeleza mtu. Alijibu kesho yake.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba mistari ile miwili ya kwanza ndo inayosomwa kabla mteja hajafungua maombi yako, ukiimaliza kwa salamu na "natumaini u mzima" umeshapoteza. Na maombi ya Upwork yanakula Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, ambazo kila moja inauzwa dola 0.15 na tangazo moja linakula kadhaa, kwa hiyo kutupa maombi kila tangazo ni kuchoma hela. Bora uombe machache uliyoyasoma mpaka mwisho.

Ila sampuli ya bure ina mpaka wake jamani. Dakika moja sawa, ukurasa mmoja sawa. Mtu akikwambia fanya faili zima kwanza bure nione uwezo wako, huyo kazi yake imeshaisha na wewe ndo umeifanya. Na anayekuambia hamia Telegram, lipia elfu kumi ya usajili ndo upewe kazi, huyo ni tapeli, usimjibu hata kumtukana. Akaunti ya kukodi ya mtu mwingine nayo achana nayo, majina yasipolingana na kitambulisho chako siku ya kuhakikiwa akaunti inafungwa na hela zikiwa humo ndani.

Kuhusu hela, Fiverr wanakata asilimia 20 ya malipo yako na muuzaji mpya anasubiri siku 14 baada ya kazi kukamilika ndo azitoe, Upwork nao wana makato yao, yasome kabla hujakubali bei. PayPal usiitegemee mpaka uhakikishe yako inapokea, za Tanzania zinajulikana miaka mingi kwa kutuma bila kupokea. Wengi wetu tunapitia Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, alafu benki. Akaunti ifungue mapema, jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi.

Bei ndo panapoumiza. Saa moja ya sauti safi inakula kama saa nne za kuandika, na yenye upepo na kuku ni zaidi, kwa hiyo ukiambiwa dola 10 kwa saa ya sauti jua unagawanya kwa nne au sita. Tumia oTranscribe, tovuti ya kuandikia sauti, ni bure, inapunguza kasi ya sauti na faili linabaki kwenye laptopu yako, bando haliliwi kwa kupandisha.

Umeme na mtandao visikupe presha sana, ila usingoje saa ya mwisho kutuma. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika nchi nzima mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na mteja aliyeshapelekewa nusu ya kazi anakuelewa kuliko aliyeachwa kimya. Na mteja wa New York akisema tuongee saa tatu asubuhi kwake, kwako ni saa kumi au kumi na moja jioni kutegemea majira yao, kwa hiyo waambie nyumbani mapema, mama yangu alidhani naongea na mchumba.

Kazi ikiisha mwombe mteja aandike tathmini ya maneno kabla hajafunga mkataba, nyota tupu hazisaidii sana. Wangu aliandika kwamba najua mambo ya korosho. Waliokuja baadae walinitafuta kwa hilo, bei nikawa napanga mimi.