Mtoto amezaliwa mkubwa kupita kiasi: je, ni homoni ya ukuaji?

SWALI: Mwanetu ana miezi 3. Alizaliwa na kilo 4.8, ulimi umejaa mdomoni, na mguu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Daktari ametaja ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann, wa kukua kupita kiasi. Ndugu wanasema homoni ya ukuaji imezidi, tutafute dawa ya kuishusha. Ni kweli? (Mama mzazi)

JIBU: Pole kwa hofu, mama. Dawa hiyo msiitafute. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ya pituitari, na kwa watoto hawa kwa kawaida haijazidi. Aliyeko tumboni hukuzwa zaidi na kichocheo kiitwacho IGF2. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11: nakala ya baba hufanya kazi, ya mama imezimwa. Ya mama ikiwaka, au mtoto akiwa na mbili za baba, IGF2 huzidi. Kwa nusu hivi ya wagonjwa kosa ni jingine: CDKN1C, jeni jirani inayozuia seli zisigawanyike ovyo, imenyamaza.

Kosa likigusa baadhi ya seli tu, mguu mmoja humzidi mwenzake. Ndiyo maana pia kipimo cha jeni kwenye damu huweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Sasa hivi kinachotutia wasiwasi ni sukari, kwani kongosho huweza kumwaga insulini nyingi. Mnyonyeshe kila saa 2 hadi 3, na usiku umwamshe. Akitetemeka, akitoka jasho, akilegea au akikataa ziwa, apimwe sukari kisiginoni. Ikiwa chini ya 3.5 mmol/l mnyonyeshe, umpigie daktari. Chini ya 2.6 ni dharura. Akishikwa na degedege au asipoamka, msimmiminie chochote mdomoni: mkimbizeni hospitali apewe glukosi ya mshipa.

Kisha ulizeni aina ya kosa la jeni. Nakala ya mama ya IGF2 iliyowaka huleta saratani, hasa ya figo, kwa watoto takriban 28 kati ya 100. Kosa likiwa ni CDKN1C ya mama kunyamaza, hawazidi 3 kati ya 100. Aina ikiwa haijajulikana, altrasaundi ya tumbo ifanyike kila miezi 3 mpaka atimize miaka 7, hata akionekana mzima kabisa. Mkipapasa uvimbe tumboni, msiubonyeze. Pelekeni siku hiyohiyo.

Urefu hupunguza kasi utotoni, na wengi huwa watu wazima wa kimo cha kawaida. Miguu ipimwe kila mwaka. Tofauti ikifika sentimita 2, soli ya kiatu cha mguu mfupi huongezwa.