Mjukuu acheze Kibarani?

SWALI: Tangu jaa la Kibarani lifungwe na miti ipandwe, mjukuu wangu hanipi raha, ataka kwenda kucheza mpira huko. Jirani asema chini kumejaa gesi, siku moja patalipuka. Shemeji yangu naye keshapiga jicho pembe ya kulima mchicha. Nimsikilize nani?
Bibi wa Changamwe, Mombasa

JIBU: Shikamoo bibi. Mimi ni katika wale waliokuwa wakifunga dirisha la matatu kila tukikaribia Kibarani, hata joto liwe la kuchemsha maji. Bustani pale naitaka kuliko huyo mjukuu. Lakini jirani hajakosea sana.

Taka hufukiwa, hazilali. Huko chini zaendelea kuoza miaka na miaka, zikitoa methani, gesi inayowaka, na maji meusi yanayotafuta njia ya kwenda baharini.

Nilipokwenda kumtembelea binti yangu New York, alinipeleka Freshkills, kisiwani Staten Island. Jaa lile lilifunguliwa 1948, likafungwa 2001, na wakati mmoja lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Sasa lageuzwa bustani, na kipande cha kwanza cha upande wa kaskazini, ekari 21 tu, kilifunguliwa Oktoba 2023. Piga hesabu mwenyewe. Wenzetu wana pesa, na bado walingoja!

Vilima vya nyasi vyapendeza, ndege tele, hungejua umesimama karibu na nini. Kazi yenyewe imefichwa: juu ya taka pana udongo, kisha plastiki nene ya kuzuia mvua isipenye, kisha njia ya kupitisha maji, ndipo udongo safi na nyasi. Mabomba yavuta gesi, nayo kwa miaka mingi ilisafishwa ikatumika majumbani. Maji meusi yana mtambo wake.

Basi muulize diwani wako: Kibarani mabomba ya gesi yako wapi? Usikubali kuonyeshwa miti.

Mpira, mwache acheze palipojazwa udongo na kusawazishwa. Akiona ufa unaofuka moshi, au dimbwi linalotoa mapovu, arudi nyumbani mbio. Na asiwashe moto, hata wa kuchoma mahindi.

Mchicha, hapana! Betri kuukuu zina risasi, yale madini yenye sumu, nayo mboga za majani huinywa. Shemeji atie udongo safi kwenye viroba, alime uani kwake.