Tofali za udongo kwa nyumba ya Lushoto

Kaka, umeuliza kama tofali za udongo zitafaa huko Lushoto, kwenye kiwanja cha mteremko kinachotazama bonde. Zitafaa, ila ziwe zile za kufungamana: udongo mwekundu, saruji kidogo, zishindiliwe kwa mashine kisha zimwagiliwe maji mpaka zikomae. Hazichomwi, kwa hiyo kuni huhitaji. Msingi fanya wa mawe, na kabla ya yote chimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa mlima. Maji ya masika yakikosa njia yatapita sebuleni.

Kitakachokutesa ni baridi ya Juni na Julai. Miezi hiyo jua linapita upande wa kaskazini, basi sebule na madirisha makubwa yaelekeze huko, hata kama bonde liko kusini (dirisha moja la kutazamia linatosha, usinune). Bati bila dari usiku ni jokofu, kwa hiyo dari usiiache kwa ajili ya "tutamalizia baadaye". Paa litokeze sentimita 70 hivi, mvua isilambe ukuta. Na gata weka mapema: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, ni karibu lita 1,000 tankini.